Nilipoitwa Pembe: Kuisoma "The Magic of Saida" Kutokea Kivinje

Kidato cha kwanza nilikuwa binti wa sultani. Mwalimu wa Historia alipofika kwenye miji ya kale ya pwani alinisimamisha mbele ya darasa, kwa kuwa mimi pekee nilitoka Kilwa, akaniambia niwaeleze wenzangu nilichokiona kwa macho yangu. Nikawaeleza Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, magofu ya Husuni Kubwa, na mashua inayokuvusha kutoka Masoko. Mwalimu akaongezea sarafu zilizotengenezwa Kilwa na dhahabu iliyotoka Sofala. Nilipigiwa makofi.

Kidato cha pili tukafika kwenye biashara ya watumwa. Mwalimu akaandika ubaoni kwamba katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kusafirishia watumwa, na kwamba misafara ilitoka upande wa Ziwa Nyasa, watu wamefungwa shingoni na pembe za ndovu zikiwa mabegani. Safari hii hakunisimamisha. Darasa liligeuka lenyewe kunitazama.

"Kumbe nyie ndio mliobebeshwa pembe," alisema msichana mmoja wa viti vya nyuma. Somo lilikuwa kwa Kiingereza, lakini kicheko kilikuwa cha Kiswahili. Kufika jioni, kwenye foleni ya ugali, jina langu lilikuwa Pembe.

Ilikuwa shule ya bweni ya wasichana, mbali na kwetu. Sitaitaja, na nadhani ingeweza kuwa shule nyingine yoyote. Mimi ni mweusi sana, weusi ambao shangazi zangu huusifia siku za harusi, wakisema kanga ya manjano haimkai mtu mwingine kama inavyonikaa mimi. Bwenini weusi uleule uliitwa lami, ukaitwa umeme umekatika. Hayo niliyazoea, maana hata nyumbani watoto hutaniana. Pembe lilikuwa jambo jingine. Lilisema kwamba rangi yangu ina historia, kwamba historia hiyo ni ya kubebeshwa mizigo, na kwamba imeandikwa kitabuni na itatoka kwenye mtihani.

Mwaka jana, nikitafuta mada ya tasnifu yangu ya umahiri katika fasihi, nilikuta kwenye rafu ya maktaba riwaya ya M. G. Vassanji, "The Magic of Saida", iliyotoka mwaka 2012. Nilichomjua Vassanji ni kile tunachosomeshwa sote: alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam, akahamia Kanada na kushinda tuzo ya Giller mara mbili. Sikujua kwamba ameandika riwaya nzima kuhusu mji wetu. Niliisoma kwa siku tatu, na siku ya pili nikaamka usiku tumbo likiniuma vilevile lilivyoniuma nikiwa na miaka kumi na mitano. Ndiyo maana uhakiki huu hauwezi kuwa wa mtu aliyekaa mbali na kitabu.

Kisa chenyewe ni hiki. Kamal Punja ni daktari tajiri huko Edmonton, Kanada. Amezaliwa Kilwa. Baba yake ni Mhindi aliyeondoka na kumwacha, mama yake, Hamida, ni Mswahili mwenye asili ya utumwa. Utotoni rafiki yake ni Saida, mjukuu wa mshairi mzee wa mji, Mzee Omari. Siku moja mama anampeleka Kamal Dar es Salaam kwa ndugu za baba yake, akalelewe kama Mhindi. Anasoma, anafika chuo kikuu, anahamia Kanada. Saida anabaki. Miaka mingi baadaye Kamal, mtu mzima mwenye mali na ndoa iliyochoka, anarudi Kilwa kumtafuta.

Wahakiki wengi wangeanzia kwenye mapenzi hayo, au kwenye Vita vya Majimaji na utawala wa Wajerumani, ambavyo Vassanji amevifuma humo kupitia mashairi ya Mzee Omari. Mimi naanzia kwenye kurasa za katikati, mvulana anapofika Dar es Salaam na kuanza kujifunza kuwa Mhindi mweusi.

Kumbuka ulikuwa wakati gani. Chini ya Waingereza elimu ya Tanganyika iligawanywa kwa rangi: Wazungu na shule zao, Wahindi na zao, Waafrika na zao. Mfumo huo ulifutwa kisheria mwaka 1962, mara tu baada ya uhuru. Sheria iliweza kufungua milango ya madarasa. Kilichokuwa vichwani mwa waliokaa ndani kilihitaji muda mrefu zaidi, na Kamal anakulia katika muda huo. Katika riwaya yake ya kwanza, "The Gunny Sack" ya mwaka 1989, Vassanji alikwisha kuligusa jambo hili kupitia ukoo unaoanzia kwa mfanyabiashara wa Kihindi, Dhanji Govindji, na mtumwa aliyeitwa Bibi Taratibu. Humo tunakutana na neno golo, ambalo baadhi ya Wahindi wa pwani walilitumia kumwita Mwafrika, neno lenye harufu ya utumwa ndani yake. Neno fupi tu, rahisi kutamkwa mezani mbele ya mtoto.

Anachokielewa Vassanji, na nilichokuwa sijakiona katika kitabu kingine cha hapa kwetu, ni kwamba ubaguzi unaomvunja kijana si lazima uje na fimbo. Kamal hatupwi nje. Anapata chakula, shule, jina la ukoo na njia ya kufikia udaktari. Kwa kila kipimo cha mjini Kilwa, mtoto yule amebahatika, na hapo ndipo mdomo wake unapofungwa. Atamlalamikia nani? Mama aliyemtoa alimtoa kwa kumpenda. Ndugu wanaomlea wanatumia fedha zao. Anadaiwa shukrani, na mtu anayedaiwa shukrani hana pa kuweka uchungu wake. Anauweka ndani. Anajifunza lugha ya wenyeji wake, chakula chao, dini yao, na anajifunza kuitazama ngozi yake kwa macho yao kabla wao hawajaitazama.

Huko kujitazama kwanza ndiko ninakokufahamu. Ada yangu ililipwa na mjomba aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na wanawe wawili walisoma shule za kata ili mimi nisome pale. Kila Jumapili tuliruhusiwa kupiga simu kwa dakika chache. "Shule vipi, mwanangu?" Nzuri, mjomba. "Unasoma?" Nasoma. Ningesemaje? Kwamba wananiita Pembe? Angeniuliza kama pembe inamzuia mtu kushika kalamu.

Wala haikunizuia kushika kalamu. Ilinizuia kunyoosha mkono. Historia ilikuwa Jumanne na Alhamisi, na tumbo langu lilizijua siku hizo kuliko ratiba iliyobandikwa ukutani. Matroni alinipa Panadol, halafu akanituma hospitali nikapimwe vidonda vya tumbo. Havikuonekana. Niliacha kukaa juani. Niliacha kuvaa kitambaa cheupe kichwani siku za Ijumaa kwa sababu mtu alisema nafanana na ubao ulioandikwa. Likizo ya Juni nilinunua Nangurukuru, pale mabasi yanapokata kona kuelekea Kilwa, kopo la mkorogo ambalo muuzaji alilifunga kwenye gazeti kama anayeuza dawa ya panya. Nilijipaka kwa wiki mbili kabla bibi hajaligundua na kulitupa kwenye shimo la choo bila kuniuliza neno. Mwalimu mmoja, mtu mwema kabisa, alianza kuniita Pembe wakati wa kuita majina. Aliamini ni jina la utani ninalolipenda, kwa kuwa nililiitikia.

Wataalamu wa afya wana namna yao ya kuyasema haya. Mwaka 2013 Naomi Priest na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti 121 kuhusu ubaguzi wa rangi na afya ya watoto na vijana, na uhusiano ulioonekana wazi kuliko mwingine ulikuwa na afya ya akili: wasiwasi, sonona, kujithamini kunakoshuka. Nyingi ya tafiti hizo zilifanywa Marekani. Nilipoyasoma nilifarijika, kisha nikajiuliza msichana wa Kivinje angehesabiwa wapi. Waliomcheka walikuwa Waafrika kama yeye, wengi wao weupe kidogo tu kumzidi. Tumezoea kusema kwamba ubaguzi wa rangi ni habari za Makaburu na Marekani, na kwamba kwetu ni utani. Kwa sababu tunauita utani, hakuna mwalimu wa ushauri nasaha anayeuandika kwenye daftari lake.

Hapa riwaya ya Vassanji inatusaidia kuliko takwimu. Inaonyesha kwamba kwenye pwani hii rangi haikusimama peke yake hata siku moja. Ilifungwa pamoja na swali la nani alikuwa mwungwana na nani mtumwa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akaandika kwamba wengi wa watu wake walikuwa weusi sana wenye chale usoni, na akausifu mji kuwa miongoni mwa iliyo mizuri. Hao ndio watu wa dhahabu na sarafu, wale niliopigiwa makofi kwa ajili yao kidato cha kwanza. Hakuna aliyetuambia darasani kwamba walikuwa na rangi yangu. Tuliwachora wakiwa weupe, wenye vilemba. Weusi uliingia kwenye somo pamoja na minyororo.

Lakini sijasema jambo lote.

Darasani kwetu palikuwa na msichana mwingine wa pwani ya kusini. Alitoka Lindi mjini, jina la ukoo wake la Kiarabu, nywele zake ndefu, ngozi yake ya maji ya kunde. Wiki ile Kilwa Kivinje ilipoandikwa ubaoni tulifika pia kwa wafanyabiashara wa misafara, na mtu akamgeukia yeye. Wakamwita Tippu Tip. Wakamuuliza leo ameuza wangapi. Wakati wa kugawa vitanda mtu alisema asipewe cha juu, atatufunga kamba usiku.

Nami nilicheka. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote, na siku zilizofuata niliongeza yangu. Nilikuwa na haki, nilidhani: kama mimi ni Pembe, basi yeye ndiye mwenye msafara. Kila walipomwita yeye, kwa dakika chache hawakuniita mimi. Jioni moja alinifuata bombani, ndoo mkononi, akaniambia kwa lafudhi ile ya nyumbani ambayo hakuna mwingine shuleni aliyekuwa nayo, "Wewe si wa kwetu?" Sikumjibu. Mwisho wa mwaka alihama.

Nimekuja kujua baadaye kwamba Tippu Tip mwenyewe, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, alikuwa mtu mweusi, mwenye damu ya bara kwa upande wa mabibi zake, na kwamba habari za maisha yake alizisimulia kwa Kiswahili. Kama tungefundishwa hivyo tusingejua tumwite nani Pembe na nani Tippu Tip. Tungelazimika kuuliza swali gumu zaidi: ilikuwaje watu waliofanana nasi, waliosema lugha yetu, wakauza watu waliofanana nasi? Shule ilitupa historia nusu, na sisi tuliijazia iliyobaki kwa kutumia ngozi zetu.

Ndiyo maana Kamal ananigusa. Vassanji amemweka msafara mzima ndani ya mwili mmoja: asili ya mtumwa kwa mama, asili ya mfanyabiashara kwa baba. Na amekuwa mkweli kuhusu kinachofuata. Mtoto aliyejeruhiwa kwa rangi yake si lazima akue kuwa mtetezi wa wengine. Mara nyingi anakua kuwa mtu anayejua kuondoka. Kamal anaondoka Dar es Salaam, anaondoka Afrika, na muda wote huo kuna msichana aliyeachwa nyuma. Hatia yake kwa Saida na aibu yake ya rangi ni kamba moja. Hangeweza kumbeba Saida katika maisha mapya bila kubeba Kilwa, na Kilwa ndiyo aliyofundishwa kuifuta.

Sasa nieleze panaponiudhi.

Saida anapendeza, anajua mashairi, anasubiri. Tunamwona kwa macho ya Kamal, na Kamal tunamsikia kupitia mtu wa tatu, mchapishaji wa vitabu anayetusimulia habari zake. Kwa hiyo kati yetu na Saida pana wanaume wawili, watatu ukimhesabu mwandishi. Kitabu kinajua kwa undani rangi ilimfanya nini kijana aliyepelekwa shule. Hakijui ilimfanya nini msichana asiyepelekwa. Je, hakuitwa chochote? Hakujitazama kwenye kioo? Katika mji ambao wazee wake walijuana nani ametoka msafara gani, mjukuu wa mshairi aliishije ndani ya majina hayo? Nilizitafuta kurasa hizo nikazikosa.

Kisha kuna mwisho. Siri ya Saida inafunguliwa katika usiku wa kafara na mambo ya kutisha, na Kilwa inageuka kuwa mji wa giza. Najua riwaya ina haki ya kuwa na uganga. Mimi nimekulia kwenye azima na kombe, na sioni aibu. Lakini shuleni, baada ya Pembe, ya pili waliyonipa ilikuwa hii: watu wa kusini ni wachawi. Walikataa kuazima kitana changu. Kumkuta mwandishi aliyeuona vizuri hivyo ubaguzi wa Dar es Salaam akitumia hofu hiyohiyo ili kuupa mji wangu siri kulinifanya nifunge kitabu kwa muda. Msomaji wa Toronto atatetemeka na kusema ni hadithi. Msichana wa kidato cha pili atakayekisoma kwenye bweni fulani atajua wenzake watamuuliza nini kesho yake.

Na kulikuwa na siri nyingine iliyo karibu, isiyohitaji kafara. Likizo iliyopita nilimuuliza bibi yangu, pale barazani Kivinje, sisi ni watu wa wapi. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe katika Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922. Mama yake bibi alikuwa mtoto mdogo mwaka huo. Bibi alinitazama, akaendelea kupepeta mchele. "Hapa hatuulizani hivyo," alisema. Nikamwambia shuleni waliniuliza. Akanyamaza kwa muda mrefu, ungo umesimama mkononi. Kisha akasema, "Waliokuuliza hawakukuuliza. Walikwambia."

Hakuniambia tunatoka wapi. Nadhani anajua. Huko kutoulizana kwa watu wa Kivinje kulikuwa adabu, tena adabu iliyofanya kazi kubwa: iliwawezesha wajukuu wa waliouzwa na wa waliouza kuswali safu moja, kuoana, kuzikana. Tatizo ni kwamba sisi tunaitoka hiyo baraza tukiwa na miaka kumi na mitatu, tunapanda basi, tunafika mahali ambapo ukimya huo haujulikani, bila kupewa neno la kujibu. Kamal alipanda gari lake akiwa mdogo zaidi. Vassanji angeandika ukimya huu, kama ulivyo, ungetisha kuliko usiku wowote wa uganga.

Hata hivyo nawashauri mkisome, hasa ninyi mnaokwenda kufundisha Historia. Hakuna anayetaka somo la utumwa liondolewe. Kivinje ipo, boma la Wajerumani linabomoka mbele ya bahari, na Mwembe Kinyonga panakumbushwa walionyongwa kwa kuwapinga Wajerumani, akiwemo Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Nataka tu anayeandika jina la mji ubaoni ageuke aone kama kuna mtoto wa mji huo amekaa pale, na kwamba darasa linamtazama.

Baada ya kumaliza kitabu nilimtafuta yule msichana wa Lindi. Haikuwa vigumu, mtu alikuwa na namba yake. Nilimwandikia ujumbe mrefu na kuufuta mara tatu, mwisho nikatuma mistari minne ya kuomba radhi. Alijibu baada ya siku mbili. "Nakumbuka. Wengine wote nimesahau nyuso zao. Wewe nakukumbuka kwa sababu nilidhani utakuwa upande wangu."

Sikuwa na la kusema. Nikamweleza kuhusu riwaya, kama mtu anayeleta zawadi mahali alipotakiwa kuleta kitu kingine. Akauliza kama ipo kwa Kiswahili. Nikamwambia sijaiona.

"Basi nisimulie," akaandika.

Nimeanzia kwenye ubao, chaki, na jina la mji wetu.